Wifi Yangu Ameshusha Vyombo Vyote Chini

Mpendwa Mshauri Nora, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana jambo hili limenielemea. Mimi ni Filda, wa Ediofe. Kikundi chetu cha kina mama kinaandaa mchezo wa kuigiza wa zamani, ulioandikwa na mwanamke enzi ambazo wanawake hawakuruhusiwa hata kupiga kura, na ndani yake mume hatokei hata mara moja, kipo kiti chake tu katikati ya jukwaa, na mke kila akikipita anainama, na mke huyo ni mimi, na mwalimu wetu Annet alitueleza kwamba kile kiti ndicho kipigo chenyewe, kwamba katika mchezo huu vitu vinasema yale ambayo mke anaogopa kuyasema, basi kwenye mazoezi nikalia machozi ya kweli, wakanipigia makofi.

Wiki iliyofuata nikaenda Lobule kumwona mama, anayekaa kwa kaka yangu Aliga, nikaingia jikoni kwa wifi yangu Ayikoru, na ungo, vibuyu, mwiko, vyote ambavyo sisi huvitundika ukutani, vilikuwa vimepangwa chini kwenye udongo, kama mwaka jana nilipomsema mbele ya mama na majirani kuwa ni mchafu na mvivu, ila safari hii nilivitazama nikakumbuka kile kiti, nikampa ungo nikamwambia autundike, na mkono wake ukaishia kifuani. Akasema, "Wifi, mukono hii haipandi tena. Iko miaka mbili." Nikamuuliza alianguka wapi. "Mimi hapana anguka. Kaka yako iko anajua."

Siku tatu baadaye alikimbilia kwao Adumi, na Jumamosi wazee wetu wanakwenda kumrudisha, na Aliga amenipigia simu, "Wewe ndiyo ulisema bibi yangu iko muchafu, kuja useme tena mbele ya wazee," na wazee ni wanaume, hawaingii jikoni kwa mwanamke, hawajaona kitu, na nikisema ukweli Aliga atanifungia mlango na mama yumo humo, na mama mwenyewe ananiambia ninyamaze, kaka ni kaka. Nifanye nini?

Filda, Ediofe

MSHAURI NORA ANAJIBU

Filda, pole. Kutakiwa uchague kati ya mama na ukweli si jambo dogo, na sikucheki.

Lakini nikuseme kwanza. Mwanamke wa jukwaani ulimlilia, na huyu wa kwenu ulimtukana mbele ya majirani. Miaka miwili umekula chakula kilichopikwa kwa mkono mmoja na hukuuliza kitu. Mwalimu wako amekufundisha vizuri, ila kiti hakimpigi mtu. Aliyempiga ana jina, na wewe unalijua. Unajua pia la kufanya. Unachotafuta kwangu ni ruhusa ya kutolifanya, na sikupi.

Usingoje Jumamosi. Kesho panda gari uende Adumi. Mpeleke Ayikoru hospitali apigwe picha ya bega, daktari aandike alichokiona, na karatasi hiyo aishike yeye mwenyewe. Akitaka kwenda polisi, mfuate hadi ndani. Akikataa, usimsukume. Na muulize kama anataka kurudi Lobule, maana katika barua yako yote sioni mtu aliyemuuliza.

Kwenye kikao omba kusema kabla ya Aliga. Anza na kosa lako: "Nilisema wifi yangu ni mchafu, nikamwonea." Kisha eleza habari ya mkono. Wazee wakisema hayo ni mambo ya jikoni, waambie huko ndiko walikopikiwa, na uendelee kusema. Usimtake ainue mkono mbele yao. Yeye haigizi.

Mama atanuna, labda mwaka mzima. Mpigie simu, mtumie sukari kupitia kwa jirani, mvumilie. Kununiwa kunauma, lakini hakuvunji bega.

Na ukifika Adumi, kabla hujataja hospitali wala wazee, mwombe wifi yako msamaha. Asipokujibu, kaa naye hivyo hivyo.