Penseli na Mabomba Sita

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sikukuu ya Mashujaa. Mtaa wetu wa Namuwongo umetulia, hata reli kimya. Sisi tuko kazini. Rafiq, mwenye karakana, ameleta nyama iliyobaki ya Idi.

Mabomba sita ya moshi mezani. Yametoka kwenye injini ya ndege ya miaka hamsini. Kiwanda chake kilifungwa, mengine hayapatikani. Basi tunachomelea nyufa, na Jumanne ya wiki ijayo mkaguzi wa usafiri wa anga anakuja kuamua kama yanafaa kuruka.

Akikubali, safari ya kwanza ni Bunia. Shehena ya dawa, na kiti kimoja changu. Rafiq kaahidi! Miaka ishirini na miwili sijaiona Bunia, kwetu. Nafumba macho: Ziwa Albert chini yangu, halafu milima inasimama ghafla, ya kijani...

Okidi, fundi wetu wa kuchomelea, kaniita nimwonyeshe ufa ulipoishia. Nimekwenda, nimemchorea, nimerudi kuandika. Mwili tu ndio ulikwenda.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi ukungu ufukweni Luzira. Ziwa halikuonekana. Nikasikia injini ambayo haikuwepo—mlio wa chini, kama mtu anayeimba kafumba mdomo.

Tumemaliza! Tumepaka ile rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa na kuzifichua. Haikufichua kitu. Okidi akapiga saluti ya baba yake askari: "Mzee, hapa hata mama mkwe hapati kosa!"

Ijumaa, 13 Juni

Rafiq kaenda msikitini. Mimi na Okidi tunakula, ananitania.

"Ule mstari wako wa Jumatatu, Mzee Barnabé! Mweusi, umenyooka. Ungekuwa mwalimu. Mi nilifuata tu."

Mweusi? Kalamu yetu ya alama ni nyeupe.

Akacheka, akaonyesha nyuma ya sikio langu. Penseli hii ninayoandikia.

Jumapili, 15 Juni

Misani sikusikia neno.

Niandike sawasawa. Weusi wa penseli ni kaboni. Chuma kikipata moto mkali, kaboni inaingia ndani, inakifanya kiwe kikavu, chepesi kupasuka. Si leo. Baada ya saa hamsini za kuruka, labda mia. Hewani. Ile rangi haikuona ufa kwa sababu ufa bado haujazaliwa.

Na sheria nimeiandika mwenyewe kwenye kitabu cha kazi, ukurasa wa kumi na moja: penseli isiguse bomba.

Lipi kati ya sita? Okidi hakumbuki. Yote yamesuguliwa, yote yanang'aa. Basi ni yote sita. Bila hayo hakuna ndege, hakuna Bunia.

Nimeandika kwa penseli tangu tulipovuka Ziwa Albert tukikimbia. Mvua ilifuta kurasa zote za wino. Za penseli zilibaki.

Nikinyamaza, nani atajua?

Mchana nilisinzia kitini. Rosalba, dada yangu, kasimama uwanjani Bunia, kazeeka, anapunga kitenge. Ndege inashuka kwake bila sauti. Bila sauti kabisa. Nikaamka.

Jumanne, 17 Juni

Mkaguzi ni mwanamke, Nerima, mpole, macho makali. Kapima kila bomba mara mbili. Kasoma kitabu chote. Kwenye ukurasa wa kumi na moja akatabasamu: "Aliyeandika hii anajua kazi." Rafiq akanishika bega: "Ndiye huyu, Mzee wetu! Wiki ijayo anakwenda kwao."

Sasa wako ofisini, wanakunywa chai. Mimi niko mezani. Fomu mbele yangu, imebaki sahihi yangu, fundi niliyesimamia. Okidi anapiga mluzi nje. Mabomba yamebeba mwanga wa dirisha, mazuri kama vyombo vya madhabahu.

Milima ya kijani. Kitenge cha Rosalba.

Viti vinasogezwa. Wanatoka. Neno hili tu, halafu naiweka penseli mezani, katikati ya mabomba, mahali ambapo Nerima hawezi kukosa kuiona.