Mwalimu wa Karata Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimechuma chai mpaka mvua ikanifukuza. Nimepeleka majani kituoni, nimerudi, Chepng'etich bado anafundisha. Mlango umefungwa. Zile ngao za masikio za kompyuta ziko kichwani.

Huyu mjukuu nimemlea tangu ananyonya kidole. Sasa anafundisha Wazungu kucheza karata kwa kompyuta. Mchezo unaitwa poka. Wanamlipa kila mwezi, na dawa yangu ya presha inatoka hapo.

Sipendi. Nimemwambia sipendi. Kisha nikampelekea chai na viazi, kwa sababu mtu hafundishi na njaa.

Jumatano, 5 Novemba

Kiprono, mchumba wa Chepng'etich, ameleta neno. Wazee wao wanakuja koito Jumamosi ya wiki ijayo, kumposa Chepng'etich.

Nilipiga kigelegele. Halafu nikakumbuka. Baba ya Kiprono ni mzee wa kanisa letu. Ndiye alisimama mbele akasema nyumba yenye karata ni nyumba ya shetani. Nilisema amina. Tena kwa nguvu.

Kiprono anajua kazi ya msichana. Baba yake hajui.

Nimesugua kibuyu, nimekipaka mkaa ndani, nimetia maziwa ya mursik ya wageni yaanze kuganda. Kwetu maziwa hayo hayamiminwi mpaka pande zote zikubaliane.

Jumapili, 9 Novemba

Nimedanganya.

Nje ya kanisa wamama waliniuliza bibi harusi anafanya kazi gani. Mdomo ukajisemea, "Anafundisha hesabu kwa kompyuta." Baba ya Kiprono alikuwa nyuma yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, tumepata mwalimu!"

Nikacheka kama mbuzi. 

Jumanne, 11 Novemba

Uongo umezaa. Mama Wanjiru, yule wa duka pale Kiptere, amefika na watoto wake na kuku. "Shosho, shika kuku. Hawa wamekataa kabisa kujua kugawanya. Huyo mwalimu wako awanyooshe."

Chepng'etich akatoka. Akaangalia watoto, akaangalia kuku, akaniangalia mimi. Akawakalisha, akawafundisha kugawanya mpaka wakacheka.

Walipoenda akanifuata jikoni, akaniita bibi kwa lugha yetu. "Kogo, umeambia watu nini?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Kama unanionea aibu, sema. Usinitafutie kazi nyingine."

Kuku nimemfungia. Siwezi kumla.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Si kanisa ninaloogopa sana. Ni damu.

Kipkemoi, mwanangu, baba ya huyu msichana, alicheza karata Kapsoit mpaka ng'ombe wa maziwa akaondoka na kamba yake. Kisha akaondoka mwenyewe. Msichana alikuwa anajifunza kutembea.

Leo nimemwuliza. Wewe mwenyewe unacheza? Akasema ndiyo, kidogo, kwa kiasi alichotenga. Mwalimu asiyecheza atafundisha nini? 

Akaniketisha kando yake nione. Mwanafunzi ni mwanaume mzima, ndevu tele. Wanarudia mchezo aliocheza jana. Chepng'etich anasimamisha, anauliza, kisha ananigeuzia maneno kwa lugha yetu. Hapa uliona nini? Kwa nini hukuacha? Kila mara anarudi palepale: karata mbaya itupe, toka, usifuate kilichopotea. Yule mtu alikuwa karibu kulia.

Kipkemoi hakuwa na mtu wa kumwambia toka. Mimi nilimwambia kwa fimbo tu.

Nimeona kwa macho yangu. Bado naogopa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepika, nimefagia, nimepaka ukuta. Maziwa yako tayari. Mimi bado.

Jumamosi, 15 Novemba

Walikuja. Wakauliza ukoo, hakuna undugu. Ng'ombe wakazungumzwa, hakuna ugomvi. Chepng'etich akaitwa aseme kama anamtaka Kiprono. Akasema anamtaka.

Baba ya Kiprono akasimama. Akamshukuru Mungu kwa kuwapa mwalimu wa hesabu. Watoto wa kanisa watasaidika.

Ilikuwa imeisha. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Kibuyu kilikuwa mapajani.

Lakini Chepng'etich alikuwa anaangalia miguu yake. Huyu! Nilimlea aangalie watu machoni.

Nikasema, "Mzee, nilikudanganya. Anafundisha karata. Yeye hakuficha, ni mimi. Kama kuna wa kuonewa aibu, niko hapa."

 Mzee akamwuliza Chepng'etich kama ataacha.

Akainua uso. "Hapana, baba. Lakini ukitaka, njoo uone ninachofundisha."

Mzee akachukua kofia yake. Wote wakamfuata. Kiprono alitoka mwisho, akigonga mlango kwa bega kama mlevi.

Mursik haikuguswa. Chepng'etich hakulia. Nililia kwa niaba yetu sote.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua ndogo. Chai imechipua vizuri. Siku hizi Chepng'etich hafungi mlango, nasikia sauti yake nikiwa shambani. Mama Wanjiru ameshajua kila kitu. Amesema kugawanya ni kugawanya, na watoto wamekuja tena. Kuku tumemla.

Jioni Kiprono alifika peke yake, viatu vyote matope. Anasema baba yake hajaongea naye tangu Jumamosi. Ila jana, wakikamua, bila kugeuka, aliuliza: huyo msichana anamfundishaje mtu kuacha? Kiprono akamweleza alichojua. Mzee akaendelea kukamua.

Kiprono akaomba maziwa yale ya kibuyu. Nilimmiminia nusu kikombe. Akakiangalia.

"Kogo, ni nusu."

Nikamwambia hiyo nyingine ni ya baba yake.

Alikunywa polepole. Nimefunga kibuyu, nimekirudisha mahali pake.