Nilihubiri Juu ya Mti wa Mke wa Mwanangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na wasiwasi hata chakula hakipiti, na naomba usilitaje jina langu kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa huku karibu na Sironga, sisi tunaoshika Sabato, na watu wa huku wanasoma ukurasa wako kabla ya kusoma lesoni ya Shule ya Sabato.

Nina mwana, Duncan, anayefanya kazi Mombasa, na mkewe Maureen tunakaa naye hapa bomani pamoja na mtoto wao wa miaka minne, Gesare, aliyepewa jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo mimi humwita mama, naye huja mbio. Maureen alizaliwa Keroka katika nyumba ya Wakatoliki, akabatizwa kwetu alipoolewa, na sijawahi kusikia kosa lake hata moja, mpaka mwezi huu alipokata tawi la saipresi kwenye ua wangu, akalisimamisha ndani ya nyumba yake kwenye mkebe wa rangi, akalipamba kwa pamba na baluni na taa za kumetameta kutoka dukani kwa Hasmukh pale Kisii mjini, na dirisha lake linaangalia barabara wanayopitia waumini wakienda maombi ya Jumatano.

Sisi hatusherehekei Krismasi, mshauri. Ni vile tu watoto huwa wamefunga shule na Duncan yuko likizo, basi siku hiyo tunachinja mbuzi na mke wangu Drusilla anapika chapati. Lakini mti ni kitu kingine, nabii katika Maandiko aliukemea mti unaokatwa na kupambwa, na mimi nimefundisha hivyo miaka yote. Basi Mogire, shemasi wetu, akanisimamisha njiani akaniambia, "Mzee, siku hizi kwako kuna disko? Naona taa inawaka nyekundu nyekundu." Alikuwa akicheka, lakini mimi usingizi ulinipotea.

Sasa, unajua mila yetu Wakisii. Mimi siwezi kuingia nyumba ya mwanangu akishaoa, wala siwezi kusimama na mkewe nikamgombeza kwa mambo ya nyumba yake, hiyo ndiyo ensoni, ile heshima ya baba mkwe na mke wa mwana, na kumtuma Drusilla pia niliona aibu maana yeye huo mti aliuona na akaupenda. Sabato ilipofika ilikuwa zamu yangu ya kuhubiri, nikahubiri juu ya mti. Sikutaja jina la mtu. Nilisema tu kwamba upagani umeingia hata katika boma la mzee wa kanisa, watu wakageuka wakatazama benchi aliloketi, na Gesare akasema kwa sauti, "Mama, babu anasema mti yetu."

Maureen hakulia wala hakutoka. Alikaa mpaka baraka ya mwisho. Jumapili asubuhi akatoa mapambo yote, akalilaza tawi kando ya ua, akafagia uwanja, akanisalimu kwa mbali kwa adabu kama kawaida, akamchukua mtoto wakaenda kwao Keroka. Ndipo Drusilla akaniambia kwamba baba yake Maureen, tuliyemzika mwezi wa tatu, ndiye aliyekuwa akiwakatia watoto wake tawi kila Desemba, na nilipomwomba ampigie Duncan amweleze kwa upole alinijibu, "Hiyo maneno uliongea kanisani bila mimi. Ongea na mtoto wako wewe mwenyewe."

Duncan anafika wiki ijayo. Amenipigia simu mara mbili na nimeogopa kupokea. Jioni naitazama ile nyumba iko giza. Nikimwita Maureen arudi, waumini watasema mzee amekubali mti, na nikinyamaza naogopa mwanangu atapitiliza aende Keroka kwa wakwe zake, na huyu mama yangu mdogo, Gesare, aisahau njia ya kuja kwangu. Nifanye nini?

Mzee Mwenye Hofu, Nyamira

*

Mzee wangu, pole. Nimekusikia, na sasa unisikie na wewe, maana umezoea kuhubiri.

Barua yako yote inauliza habari ya mti, na mti umelala kando ya ua. Hakuna anayeutetea. Ulishinda siku ile ile, mbona basi chakula hakipiti?

Nianze na imani, nisije nikasemwa nimeikwepa. Nabii aliwakemea watu waliopiga magoti mbele ya kuni. Kwa Maureen alipiga magoti nani? Na kama tawi lenye baluni ni upagani kwa kuwa halimo katika Maandiko, niambie mbuzi wako wa Krismasi yumo sura gani. Huyo hujawahi kumhubiri, maana unampenda. Tarehe aliyozaliwa Bwana haijulikani, na Mkristo akiamua kutoifanya sikukuu simlaumu hata kidogo. Ila asile nyama ya siku hiyo halafu amhukumu aliyeiwashia taa.

Lakini mti haukuniudhi kama hiyo ensoni unayosema uliishika. Hukuishika. Mila hiyo iliwekwa ili binti wa watu, akiwa mgeni katika boma la mume wake, asiaibishwe na baba mkwe. Wewe uliona haya kumfikishia neno moja kupitia kwa mkeo, lakini hukuona haya kumsema mbele ya kanisa zima. Wala usinirudie na hilo la kutotaja jina. Mtoto wa miaka minne alielewa. Mogire alikutania njiani mkiwa wawili, na wewe ukaenda kumlipa Maureen mimbarini. Nimekasirika, mzee, na nimesoma barua yako mara mbili ili hasira ipoe, haikupoa.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupanguswa. Leo, kabla jua halijatua, mpigie Duncan umweleze mwenyewe, na usimtangulize nabii. Kesho Drusilla aende Keroka. Asiende kumchukua Maureen, aende kusema kwamba baba amekosa, anywe chai, arudi. Maureen atakuja siku atakayotaka. Na Sabato inayokuja uombe dakika chache usimame pale pale uliposimama, kwa sababu neno lililotoka mimbarini haliwezi kurudishwa jikoni. Sema ulimwaibisha binti yako na unamwomba msamaha. Wakikuvua uzee wa kanisa, wakuvue. Huo hupigiwa kura na mwaka ujao utapigiwa tena, lakini mjukuu hapigiwi kura.

Mambo ya mti ndani ya nyumba ile ni ya Duncan na Maureen. Ukiwa na fundisho, mpe mwanao, naye aseme na mkewe. Njia hiyo ipo na uliijua tangu mwanzo.

Bado neno moja, na hili nakuambia kwa upole. Huyu binti amemzika baba yake mwaka huu. Pale kwenye mkebe wa rangi alikuwa akimkumbuka. Sasa amebaki na baba mmoja, na ni wewe. Lile tawi la kando ya ua limeshakauka. Chukua panga, kata lingine kwenye ua huo huo wako, lisimamishe nje ya mlango wake, kisha uende zako. Mila imekukataza kuingia, kufika mlangoni haijakukataza. Asipolitaka atalitia motoni apikie ugali, na usiulize. Lakini Gesare akirudi akauliza nani ameleta mti, aambiwe ni babu.