Sinia la Kariakoo

Dar es Salaam, 9 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mmeamka salama hapo Kawetele, na mguu wako umepoa. Sisi wazima, ujauzito wa mke wangu Atupele unaendelea vizuri. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na hata ungepokea ningepata kigugumizi.

Jumamosi ile kosa lilikuwa langu. Ulisema unataka kuijua Dar kwa mdomo, nikatafuta matembezi ya kula, yale ya kuongozwa na mwenyeji. Yalikuwapo mawili. Ya Upanga, kila mtu na sahani yake. Ya Kariakoo, mwisho wa safari wote mnakaa mkekani mnakula pilau kwenye sinia moja. Atupele aliniomba nichague ya sahani. Nikamcheka, nikasema mila za Rungwe hazipandi basi. Nikachagua ya sinia kwa kuwa ilisifiwa mtandaoni.

Nami nimekua nikimwona mama akijificha migombani babu akipita. Nilijua mkamwana hali chakula mbele ya baba mkwe, hata kutazamana hawatazamani. Bado nikawakalisha sinia moja. Ukanawa, ukainuka, ukasema unafuata maji. Jioni mama akanipigia kwamba uko njiani unarudi.

Nisamehe, baba. Mtoto anatarajiwa mwezi wa nne, na jina ni lako kulitoa.

Mwanao, Lugano

Dar es Salaam, 2 Mei 2025

Baba, shikamoo tena. Hamjambo huko?

Amezaliwa binti, salama, na mama yake ana nguvu. Leo siku ya kumi hana jina. Majirani wakiuliza, nasema tunasubiri barua. Atupele hanilaumu, na hilo linaniuma zaidi.

Mwanao, Lugano

Kawetele, 11 Mei 2025

Mwanangu Lugano, ugonile.

Huku tu wazima, ila mvua imezidi na mama yako analalamika mgongo kwa kuchuma chai. Ndaga fijo, asante sana kwa habari za mtoto.

Nimechelewa kuandika kwa aibu, siyo kwa hasira. Niliondoka kwako bila kuaga, kama mwizi wa kuku. Lakini pale mkekani nilimwona mkamwana wangu amejitanda kanga, amegeukia ukuta, na mimba yake ile. Tangu asubuhi, kila banda tulilopita, hakuonja kitu kwa sababu yangu. Nikajua nisipoondoka hatakula. Na nyumba yenu ni chumba na sebule. Kubaki ni kumshindisha njaa. Ndipo nikapanda basi.

Mtoto mwiteni Tulinagwe. Mleteni tumwone. Atupele atafikia jikoni kwa mama yako, mimi nitakula chakula changu barazani.

Jambo moja hukuliandika. Nilipoondoka, alikula?

Ni mimi baba yako, Andongwisye

Dar es Salaam, 18 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Tulinagwe hajambo, ananyonya vizuri. Tutakuja naye mvua zikipungua.

Swali lako ilibidi jana nimuulize Atupele mwenyewe. Hakula. Alisema angemezaje, na wewe umetoka na njaa. Alikufungia pilau kwenye mfuko, akaibeba mpaka nyumbani akidhani atakukuta.

Mimi nilikula, baba. Nilikula upande wangu, kisha nikamaliza na pande zenu.

Mwanao, Lugano