Ayie ya jeti

Jumanne, Homa Bay

Nacheka peke yangu kama mwendawazimu, na yote ni kwa sababu ya ndege za jeti!

Wakati wa chai, mwalimu Ouko wa fizikia alishikilia kwamba jeti zingetoka mapema, Vita vya Pili vya Dunia vingeisha haraka na babu yake hangepoteza mguu Burma. Nilibisha wee, mpaka nikasema kwa Dholuo, "Ayie." Yaani, nimekubali.

Walimu wakaangua kicheko. Ayie pia ni zawadi anayopelekewa mama wa msichana akichumbiwa.

Ouko hakucheka. "Sasa madam, niipeleke kwenu Kendu Bay lini?"

Naogopa. Mama ni mkali, na Ouko hata ng'ombe mmoja…

Wote wanadhani neno lile liliniponyoka. Thubutu!