Pasipoti Ndani ya Debe la Unga

Baba Watoto,

Maharage yapo jikoni, yapashe tu. Mdogo anywe dawa saa nane, kijiko kimoja.

Nimekwenda ubalozini kugongewa viza. Kibali changu cha kazi ya uuguzi kilipotoka ng'ambo, pasipoti ikapotea, nawe ukanisaidia kuitafuta mpaka uvunguni. Leo asubuhi nachota unga wa uji, naikuta ndani ya debe, umeifunga vizuri kwenye nailoni. Miaka kumi na miwili ya ndoa hujawahi kufunua debe hilo kupika uji. Ungeificha ndani ya redio yako, nisingeiona abadani.

~~Nisamehe.~~ Sikuombi msamaha wala ruhusa. Nitarudi jioni na viza yangu, ndipo tuzungumze.

Uji wa kesho utaupika wewe. Debe la unga unajua lilipo.

Mama Watoto