Mgeni Wako na Vidole vya Mama

Al Hamra, Oman
9 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Thuwaiba,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani? Kile kikohozi cha majira ya baridi kimekwisha? Na chakula unakula? Mgeni wako Ilona anasema unashindia biskuti, nami nimemwamini. Sisi huku ni wazima, joto tu ndilo linalotuhangaisha, na tende zimeanza kuiva.

Mgeni wako tumempokea vizuri. Siku ya kwanza alifungua bomba la maji baridi, nusura aungue mkono. Nikamweleza kwamba kiangazi jua huyachemsha maji ya tangi la paani, basi sisi huzima hita na kuoga maji ya bomba la moto, maana yaliyolala ndani ya hita ndiyo yaliyopoa. Alicheka mpaka akakaa chini. Anashangaa pia kwamba tunapiga honi nje ya duka na chai inaletwa garini, na kwamba saa nane mchana mji mzima umelala. Kikombe cha kahawa hakujua kukitikisa kuonyesha ametosheka, basi Mjomba Hilal akawa anammiminia tu. Maskini, alikunywa kwa adabu mpaka mikono ikamtetemeka.

Hayo yote atakusimulia mwenyewe. Lakini liko moja ambalo lazima nimtangulie.

Jioni aliyofika, Mama alimwita akae mbele yake, akampapasa uso taratibu: paji, pua, mashavu. Kisha akanigeukia, "Huyu binti mashavu hana. Kwao hawapiki? Mwongezee nyama." Ilona alifurahi mno. Anadhani ndiyo desturi yetu, kwamba wazee wa huku humsalimu mgeni kwa vidole. Leo asubuhi kaniambia, "Thuwaiba tunalala chumba kimoja na hajawahi kunisalimia hivi. Nikifika tu namgombeza." Nilicheka naye, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Si desturi, Thuwaiba. Mama haoni.

Ni presha ya macho. Mwaka jana alilalamika kwamba kila taa ina duara la rangi, nami nikamwambia ni uchovu, tumalize kwanza kuvuna tende. Tulipompeleka Maskati, daktari alisema kilichopotea hakirudi. Wewe unayesomea udaktari ungejua siku ile ile. Mimi nilikuwa nawaza tende. Jambo hilo linanirudia kila ninapomshika mkono kumpeleka kutia udhu.

Mwenyewe alinikataza nisikwambie. Alisema, "Atatupa masomo aje kunishika mkono. Ukimwambia, radhi yangu huna." Basi nikawa mwongo wako wa kila Ijumaa. Simu ya video ikiita, namgeuzia uso kwenye kioo, najibanza pembeni na kumnong'oneza. Ile Ijumaa uliyovaa koti la udaktari, akakusifu mpaka ukatokwa na machozi, mimi ndiye niliyemnong'oneza, "Jeupe, lina mifuko." Niliona aibu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwa Ilona. Sikutaka usikie habari za mama yako kwa mgeni, tena akikusimulia huku anacheka. Ndiyo maana barua hii nampa mkononi, na nitamwomba akupe kabla ya salamu yoyote. Usimkosoe, hana kosa. Kosa ni langu mara mbili, kwa macho ya Mama na kwa kukuficha, na sasa nimeongeza la tatu, nimevunja amri yake.

Kuhusu masomo sikwambii uache wala uendelee. Ila siku utakayokuja, usiseme neno mlangoni. Ingia, kaa mbele yake, umwache akupapase uso.

Shangazi Zuwena anakusalimu, amekuwekea tende za mwanzo. Mjomba Hilal anauliza kama na wewe umesahau kutikisa kikombe.

Mama amekaa karibu yangu, anaisikia kalamu. Ameuliza nakuandikia nini, nikasema namsifu mgeni wako. Akasema, "Niandikie na mimi. Mwambie lile koti jeupe lilimpendeza sana."

Nimeandika kama alivyosema. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye, akuombaye radhi,
Ghaniya